Maswali ya Wasomaji: Umri wa Mchezaji na Haki Uwanjani

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ana miaka 13 na anacheza katika ligi ya vijana ya mpira wa kikapu, kundi la miaka 14 na chini yake. Msimu huu tulikutana na timu yenye kijana mrefu, aliyeanza kuota ndevu, ambaye peke yake alifunga karibu nusu ya pointi za timu yake. Wazazi tulimwita kijeba kwa sauti, na naamini alisikia. Viongozi wa ligi walitujibu kwamba amezaliwa Januari, mwaka uleule aliozaliwa mwanangu, na kwamba hati zake ni sahihi. Mwanangu amezaliwa Desemba. Je, hii ni haki? Na kwa nini ligi isimpime kijana huyo hospitali?
Mzazi wa mchezaji

JIBU: Ndugu mzazi, uchungu wako naufahamu, lakini umeweka katika kapu moja udanganyifu wa umri na tofauti ya ukuaji, na hayo hayatibiwi kwa dawa moja.

Kila ligi ya vijana lazima ichague tarehe ya kutenganisha makundi. Shirikisho la Mpira wa Kikapu Duniani, FIBA, huhesabu mwaka wa kuzaliwa katika mashindano yake ya vijana, kwa hiyo aliyezaliwa tarehe 1 Januari na aliyezaliwa tarehe 31 Desemba ya mwaka huohuo huingia kundi moja ingawa wamepishana siku 364. Kwa mtu mzima mwaka mmoja si kitu. Kwa mtoto wa miaka 13 ni sehemu kubwa ya maisha yake yote. Watafiti waliochunguza mchezo wa magongo ya barafu nchini Kanada walionyesha mwaka 1985 kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi katika timu teule, na hali hiyo imeonekana baadaye katika michezo mingi, mpira wa kikapu ukiwamo. Hakuna aliyedanganya hapo. Ukiihamisha tarehe hiyo hadi mwisho wa Agosti, wa Desemba atapata nafuu na wa Agosti ndiye atakayekuwa mdogo kuliko wenzake wote.

Zaidi ya hayo, hata waliozaliwa siku moja hawakui kwa mwendo mmoja. Wavulana kwa kawaida hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka 14 hivi, na wasichana wakiwa na miaka 12 hivi, lakini wapo wanaotangulia na wapo wanaochelewa, nao wote ni wazima. Ndevu, basi, si ushahidi. Naomba nikwambie bila kuficha kwamba neno mlilomtupia kijana yule lilikuwa kosa, na kwamba anastahili kuombwa radhi, kwa sababu yeye ni mtoto kama wako na mwili wake hakuuchagua.

Kuhusu kipimo, nakushauri usikipe uzito usiokuwa nacho. Picha ya eksirei ya mkono hulinganishwa na picha za kitabu cha marejeo ili kukadiria umri wa mifupa, na umri huo unaweza kupishana na umri halisi kwa takriban miaka 2 kwa mtoto asiye na ugonjwa wowote. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu ya sumaku) cha kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la soka la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, ikiangalia kama sehemu ya ukuaji wa mfupa imekwisha kufunga. Kipimo hicho husaidia kumtambua aliyevuka umri, lakini hakimpi mtu tarehe ya kuzaliwa, na katika ligi ya watoto wa miaka 13 kingewaumiza waliowahi kukua huku kikimwachia mdanganyifu mwenye umbo dogo.

Kinachoilinda ligi ni karatasi zilizokaguliwa mapema. Cheti cha kuzaliwa kiwasilishwe wakati wa usajili, kabla ya mechi ya kwanza, kikaguliwe na mtu asiye kocha wala mzazi wa timu yoyote, na kilinganishwe na kumbukumbu za shule. Cheti kilichoandikishwa wiki chache kabla ya mashindano kichunguzwe kwa makini kuliko kilichoandikishwa mtoto akiwa mchanga. Mwenye shaka aandike pingamizi kwa kamati katika muda uliowekwa, wala asipige kelele jukwaani.

Udanganyifu ukithibitika, adhabu iwafikie watu wazima kwanza. Mwaka 2001, katika mashindano ya besiboli ya watoto ya Little League nchini Marekani, ilibainika kwamba mrushaji nyota wa timu ya Bronx alikuwa na miaka 14 na si 12 kama hati zilivyodai. Timu ilifutiwa matokeo yake, na baba wa mtoto pamoja na mwanzilishi wa ligi yao wakafungiwa maisha. Wachezaji wenzake wasiojua lolote nao walipoteza nafasi ya tatu waliyoitolea jasho, na hasara hiyo ndiyo hunisikitisha zaidi ninapofikiria kocha anayeghushi umri.

SWALI: Mimi ni kocha wa kujitolea. Mchezaji wangu mmoja alirudia darasa kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo ana miaka 15 wakati wanadarasa wenzake wana 14. Kanuni zetu zinataja umri tu, lakini makocha wa timu nyingine wamesema hawatalalamika. Nimsajili?
Kocha

JIBU: Usimsajili bado, Kocha. Makocha wanaokubali leo wanaweza kubadilika siku watakapofungwa naye katika fainali, na kijana ndiye atakayenyooshewa kidole. Unachotamani si jambo geni: AAU, chama cha michezo ya ridhaa cha Marekani kinachotumia tarehe 31 Agosti kutenganisha makundi, humruhusu mwenye miaka 15 kucheza kundi la miaka 14 iwapo yuko darasa la 8. Tofauti ni kwamba ruhusa hiyo imeandikwa na inamhusu kila mtu. Iombe kamati yenu, kwa barua na kabla ya usajili kufungwa, iongeze kifungu cha namna hiyo chenye kikomo cha umri. Ikikataa, mwandikishe kundi la juu, umruhusu aendelee kufanya mazoezi na wenzake, na umweleze mwenyewe uamuzi huo kabla orodha haijabandikwa.