Kuchora kwa Jiki Juu ya Wino

Mchoro wangu wa kwanza wa namna hii haukutokea kabisa. Nilipaka karatasi nzima wino mweusi, nikaungoja ukauke, kisha nikaanza kuchora uso wa mtu kwa brashi iliyochovywa katika jiki, nikitarajia mistari myeupe ijitokeze. Nikarudia mara tatu, nne, mpaka karatasi ikaanza kunyambuka, na weusi ukabaki vilevile. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba nilitumia wino wa Kihindi, ambao weusi wake hutokana na masizi. Hipokloriti ya sodiamu iliyomo katika jiki huvunja rangi zilizoyeyushwa katika wino, lakini masizi ni kaboni, na kaboni haidhuriwi na jiki.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuchagua wino kabla ya kufikiria picha. Tafuta wino wa kujazia kalamu, usio na masizi, na uujaribu kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu kila wino hufifia kwa namna yake. Quink nyeusi, aina ya wino wa kalamu, kwa mfano, hupendwa na wachoraji kwa kuwa jiki huigeuza rangi ya dhahabu iliyoiva, na maji matupu yanaweza kuitoa ubluu kandokando ya doa.

Brashi ya manyoya usiitumie. Jiki huyala manyoya kama inavyokula nywele, nami nilipoteza moja niliyoipenda sana. Brashi ya nailoni au kijiti kilichochongwa hutosha. Kalamu ya kuchovya hutoa mstari mwembamba usio na mfano, ila ncha yake ya chuma ioshwe mara moja, la sivyo itashika kutu. Mimi huanza na jiki na maji kwa kipimo sawa, kwenye karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Wino ukiwa umekauka, mstari hukaa mahali pake. Ukiwa bado mbichi, jiki hutawanyika kama wingu, jambo linalofaa kwa anga na halifai kwa macho ya mtu. Subiri kidogo kabla ya kuongeza tone la pili, kwani rangi huendelea kufifia baada ya mkono kuondoka.

Kuna wanaodhani siki itaizuia jiki isiendelee kula karatasi. Usithubutu: jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Fungua madirisha, vaa glavu, kinga macho, na suuza mchoro kwa maji safi tu. Hata baada ya kusuuzwa, karatasi huweza kudhoofika na kugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, ndiyo maana mchoro ninaoupenda huupiga picha siku ileile unapokauka.