Timu ya lengo gumu: andika masharti ya kufunga mradi kabla ya kuajiri

Umeuliza utapataje watu wa kampuni changa watakaokubali lengo ambalo wengi wanaona haliwezekani, wasikimbie mambo yakiwa magumu. Usihangaike sana na hotuba za hamasa. Lengo kubwa haliwatishi watu. Kinachowatisha ni kubaki mikono mitupu likishindikana, na kuwa wa kwanza kusema "hapa haiendi".

Kabla ya kuajiri yeyote, jiulize: ni sehemu gani ya wazo hili ambayo ikigoma, yote yaliyobaki hayana maana? Anza na hiyo. Timu nyingi huanza na nembo, tovuti na programu ya simu kwa sababu hivyo huonekana upesi, halafu swali gumu linafikiwa fedha zikiwa zimekatika. Kama unatengeneza betri mpya, ajiri wakemia. Mtu wa mauzo atasubiri.

Kisha weka kizingiti chenye namba na tarehe, yaani msipokifikia, mnafunga mradi. X, maabara ya Alphabet, kampuni mama ya Google, ilikuwa na mradi wa Foghorn wa kutengeneza mafuta kutokana na maji ya bahari. Teknolojia ilifanya kazi, ila walikuwa wamejiwekea sharti la bei: dola 5 kwa galoni ndani ya miaka 5. Hesabu zilipoonyesha hawatafika, waliufunga mwaka 2016. X pia imewahi kuwapa bonasi watu waliofunga mradi wao wenyewe kwa ushahidi, na hapo ndipo ujasiri unapotoka.

Angalia sasa mikataba ya hisa. Utaratibu wa kawaida ni hisa kukomaa, yaani kuwa mali ya mfanyakazi kidogo kidogo, kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza hapati kitu. Kwa mradi wa aina hii, utaratibu huo unaadhibu ukweli: aliyegundua kasoro kubwa mwezi wa 10 ana kila sababu ya kunyamaza hadi wa 12. Andika kwamba mradi ukifungwa kwa kizingiti mlichokubaliana, kila mtu anabaki na hisa za miezi aliyofanya kazi, pamoja na mshahara wa miezi 2 au 3 akitafuta kazi nyingine. Fedha hizo zitenge tangu mwanzo, zisiguswe.

Jaribio moja halitoshi. Katika shindano la DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, la magari yasiyo na dereva mwaka 2004, hakuna gari lililomaliza. Lililofika mbali zaidi lilikwenda kama kilomita 12. Mwaka 2005 magari 5 yalimaliza. Kwa hiyo gawa fedha zako kwa gharama ya jaribio moja la ile sehemu ngumu. Ukipata chini ya 3, punguza ukubwa wa jaribio kwanza.

Kwenye usaili, mwombe mtu aeleze kazi aliyoiacha kwa sababu ushahidi ulimpinga, na alichopima. Asiyekuwa nayo hata moja, mimi nisingempa nafasi kati ya watu 5 wa kwanza, hata awe fundi wa namna gani.