Ulizia mtaa kabla ya kuulizia duka: ushauri kwa anayezunguka maeneo ya biashara ya jiji kubwa

Mtu anayefika katika jiji kubwa akiwa na orodha ya vitu vya kununua kwa kawaida huanza kwa kuuliza duka zuri liko wapi. Nimezunguka mitaa ya biashara ya majiji mbalimbali kwa miaka mingi, mara nyingine nikiwa na haja ya kununua na mara nyingine kwa kupenda kutazama tu, na ushauri ninaoutanguliza kwa kila anayeniuliza ni kwamba aulizie mtaa kwanza. Jiji kubwa lina masoko mengi yaliyotawanyika, na kila moja lina bidhaa zake, saa zake, wateja wake na namna yake ya kuzungumza bei. Ukishafika katika mtaa unaouza kitu unachokitaka, maduka utayaona mwenyewe na utakuwa na pa kulinganisha. Lakini ukielekezwa duka moja tu, utaipokea bei ya mwenye duka kwa kuwa huna nyingine ya kuipima.

Wengi hustaajabu kuona wauzaji wa kitu kimoja wamejipanga bega kwa bega, kana kwamba kila mmoja amemfuata mshindani wake kwa makusudi. Mwanauchumi Mmarekani Harold Hotelling alieleza mwaka 1929 kwamba wauzaji wawili wanaogombea wateja kando ya barabara moja huvutwa kusogeleana hadi wakakutana katikati, kwa sababu kila mmoja anachelea kumwachia mwenzake wateja walio kati yao. Hiyo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine huonekana ukisimama mtaani kwa muda: wauzaji waliokaa pamoja hutumia mafundi walewale, mahamali walewale na maghala yaleyale, na muuzaji aliyeishiwa rangi fulani humtuma kijana akaichukue kwa jirani, mteja akiwa bado amekaa kwenye kiti.

Mpangilio huu ni wa kale. Soko Kuu la Istanbul, ambalo ujenzi wake ulianza miaka michache baada ya Sultani Mehmed wa Pili kuuteka mji huo mwaka 1453, lilikua kwa mtindo wa kuwapa mafundi wa kazi moja njia yao. Katika Delhi ya zamani, nchini India, pembeni mwa barabara kuu ya Chandni Chowk, njia ya Dariba Kalan inajulikana kwa fedha na vito, Kinari Bazaar kwa tarizi na mapambo ya nguo za harusi, na Nai Sarak kwa vitabu na vifaa vya kuandikia, na zote unaweza kuzifikia kwa miguu. Mfano unaonipendeza kuliko yote ni Jimbocho, mtaa wa vitabu vilivyotumika katika jiji la Tokyo, ambako maduka mengi yamepangwa upande wa kusini wa barabara kuu yakitazama kaskazini ili jua lisiharibu vitabu vilivyopangwa mbele ya mlango. Mtaa wa aina hii umejengwa kwa kuijua bidhaa yenyewe, na mnunuzi anayejiuliza kwa nini vitu viko vilivyo hujifunza mengi kuhusu bidhaa hiyo kabla hajafungua pochi.

Kwa hiyo, tenga siku moja kwa eneo moja. Najua kishawishi cha kutaka kuona maeneo manne kwa siku, hasa kwa mtu mwenye muda mfupi, lakini anayefanya hivyo huishia kuona mbele za maduka tu na kununua kwa uchovu. Zunguka mtaa mzima mara ya kwanza bila kununua kitu. Tazama bidhaa ipi inajirudia duka baada ya duka, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo bei yake itashuka kwa urahisi, na ipi umeiona mahali pamoja tu. Sikiliza pia wenyeji wanavyoulizia; mara nyingi hutaja daraja, unene, kipimo au mahali kitu kilikotengenezwa, na maneno hayohayo yatakusaidia utakapofika zamu yako.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuingia ndani. Maduka yaliyo kwenye barabara kuu hulipa kodi kubwa kwa sababu ya wapita njia, na kodi hiyo huingia katika bei. Nyuma yake kuna vichochoro, na juu yake kuna ghorofa ambazo mgeni hazioni kwa sababu ngazi zake zimejificha kati ya milango miwili. Kuna njia moja ya kuzigundua ambayo haijawahi kuniangusha, nayo ni kuwatazama wabeba mizigo. Katika eneo moja la vitambaa nilimfuata hamali aliyebeba robota mgongoni, akapita mlango mwembamba ambao nilikuwa nimeupita bila kuujali, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Huko kulikuwa na chumba kilichojaa majora hadi darini, na mzee aliyekuwa akipima kitambaa kwa fimbo ya mita iliyolainika katikati kwa kushikwa. Aliponiuliza nataka jora zima au kipande, nilielewa kwamba hapa ndipo maduka ya chini yalipokuwa yakinunua. Alinikatia kipande bila manung'uniko. Wauzaji wa jumla wengi hukubali kuuza kidogo ikiwa unajua unachokitaka, unalipa palepale na hukuja wakati wamezidiwa na wateja wao wakubwa.

Hapo ndipo saa zinapokuwa na uzito. Masoko ya jumla hufanya kazi kwa saa zinazomfaa mwenye duka la rejareja, ambaye anataka mzigo uwe umefika kabla hajafungua. Ndiyo maana sehemu ya jumla ya nguo katika Dongdaemun, jijini Seoul, huchangamka usiku wakati mitaa mingine imelala. Mitaa ya rejareja huchelewa kufungua, na mauzo ya kwanza ya siku huwa na utulivu ambao hutaupata jioni. Ulizia siku ya kufungwa. Soko Kuu la Istanbul hufungwa Jumapili, siku ambayo wageni wengi wangedhani lina watu zaidi. Usitegemee pia maelezo ya zamani, kwa sababu masoko huhama. Covent Garden ya London ilikuwa soko la matunda, mboga na maua hadi mwaka 1974, soko hilo lilipohamishiwa eneo la Nine Elms, na majengo yake leo yana maduka ya aina nyingine kabisa. Mwaka 2018 soko la jumla la samaki la Tsukiji, jijini Tokyo, lilihamia Toyosu, huku maduka yaliyolizunguka yakibaki palepale.

Kuhusu bei, ushauri unaosikika kila mahali ni kuuliza maduka mengi iwezekanavyo. Ushauri huo ni mzuri kwa bidhaa zinazofanana, kama betri ya aina moja au kitabu kipya, na kwa hizo hakuna haja ya maneno mengi. Kwa bidhaa ambazo kila moja ina hali yake, kama zulia, vito, samani kuukuu au nguo iliyoshonwa kwa mkono, bei za maduka kumi hazikuambii kitu, kwa sababu hujaulizia kitu kimoja mara kumi. Mwanaanthropolojia Clifford Geertz, aliyechunguza soko la Sefrou nchini Morocco na kuandika kulihusu mwaka 1978, alionyesha kwamba katika soko la namna hiyo habari za kuaminika ndizo adimu kuliko bidhaa, na kwamba mnunuzi mzoefu huzitafuta zaidi kwa kuzama katika mazungumzo na muuzaji mmoja kuliko kwa kutangatanga kwa wengi. Ninayoyaona mtaani yanaafikiana naye. Chagua wauzaji wawili au watatu wanaokubali kueleza kasoro za bidhaa yao wenyewe, kaa nao, uliza kwa nini hiki ni ghali kuliko kile, na kile cha tatu je. Ukirudi kwa mtu huyohuyo mara ya pili, mazungumzo yanakuwa mengine. Epuka anayekudaka barabarani na kujitolea kukupeleka kwenye duka, hata akiwa mchangamfu kiasi gani, kwa kuwa ujira wake atalipwa na muuzaji, na muuzaji ataurudisha kutoka kwako.

Majengo makubwa ya maduka hayahitaji maelezo mengi. Tangu msanifu majengo Victor Gruen alipobuni jengo la maduka la Southdale huko Minnesota, nchini Marekani, lililofunguliwa mwaka 1956, mtindo wa kuweka maduka makubwa mbali moja na jingine ili watu wapite mbele ya madogo wakielekea huko umeenea duniani. Nenda huko kwa kitu kinachohitaji dhamana na risiti, chukua ulichokifuata, kisha rudi mitaani.

Mambo machache ya vitendo. Beba pesa ndogondogo, kwa sababu mnunuzi asiye na chenji huonekana hana haraka ya kulipa. Chukua kipimo cha mlango wa nyumbani kabla ya kununua samani, na sampuli ya kitambaa kabla ya kununua uzi au vifungo, kwani rangi unayoikumbuka kichwani haitalingana na ile ya dukani. Kitu cha umeme kiwashwe mbele yako. Mwombe muuzaji akuandikie kwa mkono wake jina la duka, ghorofa na mlango wa karibu zaidi, kwa kuwa namba za majengo katika mitaa ya zamani hazifuatani, na utakapotaka kurudisha kitu au kuongeza kingine utahitaji kuonyesha karatasi hiyo kwa watu wa mtaa huo. Vizito vinunue mwishoni, kutoka duka lililo karibu na kituo cha usafiri.