Maswali Yenu: Riwaya za Familia kwa Watoto wa Miaka 8 hadi 12

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu riwaya za familia, yaani vitabu vya sura ambavyo kisa chake kizima kinazunguka nyumba moja: ndugu, wazazi, bibi, labda na jirani mmoja mkorofi. Hizi ndizo tulizozichagua.

Shikamooni wahariri. Mama ameninunulia riwaya ya ndugu wanne wanaohamia nyumba mpya. Nimefika ukurasa wa 40 na hakuna lililotokea. Hakuna mwizi, hakuna mchawi, hata gari halijaharibika. Rafiki yangu anasema kitabu ni kizuri. Mimi nakosea wapi?
*Msomaji wa miaka 11, Mombasa*

Marahaba. Hujakosea, ila unatafuta tukio mahali ambapo halikai. Katika hadithi ya upelelezi tukio hupiga kelele. Katika riwaya ya familia hukaa kwenye chakula, vitanda, nguo na pesa. Soma mistari hii, tumeitunga wenyewe kwa mfano:

"Mama alipakua wali sahani sita. Tano akazigawa. Ya sita akaifunika kwa kawa, akaiweka juu ya kabati. Baba aliitazama, akanawa mikono, hakusema kitu."

Ukipita mbio, umesoma watu wanakula wali. Sasa rudi. Kuna mtu wa sita ambaye hayupo. Mama anaamini atarudi usiku huu huu, ndiyo maana chakula kimefunikwa na hakikurudishwa sufuriani. Baba amekiona na amenyamaza, kwa hiyo kati yake na huyo asiyekuwepo kuna neno. Na wale watoto mezani wote wamemwona baba akitazama. Mistari minne, na ugomvi mzima umeshaanza bila mtu kuinua sauti.

Fanya hivi. Chukua karatasi, igawe safu nne: jina, umri, anataka nini, anaficha nini. Jaza unavyosoma, na safu ya nne iache wazi hadi uwe na uhakika. Kama kitabu ni cha Kiingereza na kuna "uncle" au "aunt", andika ni wa upande wa mama au wa baba mara utakapojua, kwa sababu mara nyingi mwandishi hasemi mpaka katikati. Waandishi wa riwaya hizi hutumia sura mbili tatu za kwanza kutambulisha watu, na fundo lenyewe, yaani tatizo kuu la hadithi, hujitokeza karibu na robo ya kitabu. Kama chako kina kurasa 200, upo karibu nalo. Ukifika ukurasa wa 60 na bado hakuna swali hata moja unalotaka lijibiwe, kifunge uchukue kingine. Hakuna anayekudai.

Wanafunzi wangu wa Gredi ya 5 husoma vizuri, lakini kila nikiuliza hadithi inatufunza nini, darasa zima hujibu: "Inatufunza kuwatii wazazi." Hata pale ambapo mzazi ndiye mwenye makosa! Nifanyeje?
*Mwalimu, Machakos*

Mwalimu, kasoro iko kwenye swali. Watoto wamejua zamani kwamba swali la funzo lina jibu moja lenye alama, na wanakupa hilo hilo. Liweke kando muhula mzima. Uliza badala yake: nani alijua nini, na alijua lini? Nani alitaka kitu, na nani alimzuia? Ukikiondoa kitendo kimoja katika sura hii, ni kipi kingine kitakachoporomoka mbele? Hayajibiki bila kufungua kitabu.

Njia inayofanya kazi darasani ni hii. Gawa makundi ya watoto wanne, na kila mmoja apewe mhusika wake wa kumfuatilia kitabu kizima. Mwisho wa sura kila mtoto aseme sentensi moja kwa nafsi ya mhusika huyo: "Mimi ni kaka mkubwa, sasa nimejua kwamba nyumba inauzwa, lakini sijamwambia mtu." Wengine wamkosoe, na anayekosoa ataje ukurasa. Hapo ndipo utasikia zogo zuri.

Panapoharibika mara nyingi ni kwa aliyepewa mama au baba. Riwaya hizi husimuliwa kwa jicho la mtoto, hivyo mzazi huonekana kwa nje tu: anafunga mlango, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Mpe nafasi hiyo msomaji wako hodari, maana yeye ndiye atakayelazimika kukisia kwa ushahidi. Na upange hesabu mapema: sura mbili kwa wiki kwa muhula wa wiki 12 ni sura 24. Ukichagua kitabu cha sura 35, watoto watafunga shule kabla ya kujua mwisho, na hilo ni kosa kubwa kuliko kuchagua kitabu kibovu.

Nina watoto wa miaka 8, 10 na 12. Nataka tusome pamoja usiku. Nisome kiasi gani? Na huyu mkubwa anajifanya hasikilizi.
*Mama, Morogoro*

Sura moja kwa usiku, si nusu sura na si mbili. Riwaya nyingi za umri huu zina maneno kati ya 30,000 na 50,000. Sura ya kurasa nane, yaani kama maneno 2,000, husomwa kwa sauti ya utulivu kwa dakika 15 hadi 20. Kwa hiyo kitabu kimoja ni wiki tatu mpaka nne hivi, ukiacha siku ya wageni na siku ya uchovu.

Ipitie sura kwa macho kabla ya kuisoma kwa sauti. Unatafuta vitu viwili: nani anazungumza katika kila mstari wa mazungumzo, na wapi pana neno gumu. Msomaji anayegundua katikati ya sentensi kwamba aliyekuwa akisema ni dada na siyo bibi huvuruga kila kitu. Usihangaike kubadilisha sauti kwa kila mhusika; ukifika sura ya tano utakuwa umesahau bibi alikuwa anakoromaje. Tofautisha kwa kasi tu: mzee aseme polepole, kitinda mimba aseme haraka.

Huyo wa miaka 12 mpe kazi ya mikono: kuchambua mchele, kupiga pasi sare. Mtoto wa umri huo huona aibu kukaa akisomewa, lakini haoni aibu kupiga pasi karibu na mahali ambapo wengine wanasomewa. Usimuulize maswali.

Namlea binti wa marehemu mdogo wangu, ana miaka 9. Nimeshauriwa nimnunulie Little Women kwa kuwa ni riwaya ya mama na mabinti wake wanne. Je, inamfaa?
*Mama mkubwa, Arusha*

Pole sana, mama mkubwa. Kabla ya kulipa, angalia toleo. Kitabu hicho cha Louisa May Alcott kilitoka Marekani kwa sehemu mbili, 1868 na 1869. Katika sehemu ya kwanza, yenye sura 23, binti wa tatu, Beth, anaugua sana lakini anapona. Katika sehemu ya pili anafariki. Matoleo mengi ya sasa yameunganisha zote na yana sura 47, mengine yanaishia sura ya 23, na Uingereza sehemu ya pili huuzwa peke yake kwa jina la Good Wives. Fungua ukurasa wa yaliyomo uhesabu. Isitoshe, Kiingereza chake cha karne ya 19 ni kizito kwa miaka 9. Tungesubiri mpaka 12.

Kwa sasa jaribu Journey to Jo'burg cha Beverley Naidoo, cha 1985. Naledi na mdogo wake Tiro wanalelewa na bibi kijijini Afrika Kusini kwa sababu mama anafanya kazi za ndani Johannesburg. Mtoto mchanga anapougua, wanafunga safari kumfuata mama. Ni kitabu kifupi, cha wakati wa ubaguzi wa rangi, na serikali ya huko ilikipiga marufuku hadi 1991. Mama yupo hai, na kichanga anapona. Kuna sehemu za polisi na za hospitali, zipitie wewe kwanza.

Kwa kitabu chochote chenye msiba, soma mwisho kabla ya mtoto. Sura ya kifo isiwe ya usiku. Isomeni mchana, Jumamosi, na muunganishe na sura inayofuata siku hiyo hiyo, maana aghalabu ndipo mwandishi anapowakusanya tena waliobaki. Mtoto akisema "basi, tusisome," mwache. Akikiomba tena mwezi ujao, mpe bila kumkumbusha alipoishia.

Wanangu wanasoma Kiingereza tu. Nataka nishiriki, lakini kwa Kiswahili.
*Baba, Minneapolis*

Usitafsiri sentensi kwa sentensi. Utachoka ukurasa wa pili na wao watakuwa wameshalala. Soma sura peke yako, funga kitabu, wasimulie kama unavyosimulia habari za nyumbani. Mazungumzo ndiyo uyahifadhi. Amua tangu mwanzo wahusika wataitana vipi: mtoto wa kwenye kitabu anayemwita mke wa baba kwa jina lake, kwenye masimulizi yako atamwitaje? Ukisema "mama" umefuta ugomvi ambao mwandishi amejenga kwa sura kumi. Acha jina libaki, wanao watashtuka vizuri.

Binti yangu (10) anarudia kitabu kile kile mara ya nne. Nimnyang'anye?
*Mzazi, Tanga*

Hapana.

Vitabu ni ghali. Tupate wapi?
*Kikundi cha wazazi, Dar es Salaam*

Anzeni na kitengo cha watoto cha Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kwa wenye simu, The Railway Children cha E. Nesbit, cha 1906, ambamo watoto watatu wanahama na mama yao baada ya baba kuchukuliwa usiku bila maelezo, kinapatikana bure kihalali kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na kikiwa kimesomwa kwa sauti kwenye tovuti ya LibriVox. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure, ila nyingi ni fupi zenye picha. Zinawafaa watoto wadogo zaidi.

Mkinunua vitabu vya mtumba, msitazame jalada tu. Shika kitabu kwa mgongo, kipekue kwa kidole gumba huku mkiangalia namba za kurasa, hasa katikati, maana gundi ikikauka kurasa hutoka kwa mafungu. Kisha nendeni ukurasa wa mwisho mhakikishe sentensi imefika kwenye nukta. Na kama kitabu maarufu kinene kinauzwa chembamba, basi kimefupishwa. Kinachokatwa kwanza huwa ni mazungumzo ya mezani na ugomvi wa vyumbani, yaani kile hasa mlichokuwa mnakitafuta.