Re: Kijani kipi ni cha vita kwenye Chevrolet ya jeshi la Australia?

Habari mkuu. Nimekuelewa, umekwangua mlango ukakuta kijani kinachong'aa, chini yake kijani kingine kikavu kama kimepakwa vumbi, na muuza rangi anakwambia piga tu olive drab, kile kijani cha kizeituni. Usimsikilize, hiyo ni ya Wamarekani.

Hicho kinachong'aa uwezekano mkubwa ni Deep Bronze Green, rangi ya jeshi ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kile kikavu cha chini kinanukia Khaki Green No. 3, ndo kijani cha wakati wa vita, wenyewe wanaiita KG3. Kama gari lilipigwa mabaka utakuta na rangi kama ya mchanga, Light Stone, pembeni yake.

Cha kwanza angalia nyuma ya dashibodi na chini ya kile kibati cha namba, huko jua halijafika. Chukua msasa wa maji namba 400 kisha 800, sugua polepole duara la ukubwa wa sarafu mpaka rangi zitoke pete pete kama kitunguu kilichokatwa. Lowanisha ndo ulinganishe, maana rangi iliyochakaa hudanganya, inaonekana nyeupe nyeupe. Na umpelekee fundi wa kuchanganya rangi kipande chenyewe, picha ya simu hapana.

Halafu koroga kopo la rangi sana! Dawa ya kuzima mng'ao hutuama chini, mi nilikuwa na haraka sikukoroga, mlango mmoja ukatoka mkavu safi mwingine unang'aa kama kiatu cha polisi, nikarudia wote. Kwenye kupuliza kwa kompresa waulize wengine, mi natumia brashi tu.