Hela ya nyumbani inaingia kwa nani?

Mmeuliza wiki hii kama vijana kwenda kutafuta kazi mbali kunavunja ndoa za vijijini. Najibu kutoka Rungwe, mkoani Mbeya, kwetu Wanyakyusa, ambako jambo hili limeanza kabla mama yangu hajazaliwa.

Mahari ya Kinyakyusa ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wa baba. Mzee aliweza kuongeza mke wa tatu huku mwanawe anangoja zamu. Miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ikawavuta vijana. Baadaye wengine walifika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na ya dhahabu ya Afrika Kusini, safari ambayo wazee waliiita Wenela kwa jina la shirika lililowaandikisha. Walirudi na fedha, wakanunua ng'ombe wao, wakaoa bila kumsubiri mzee. Ndoa haikuvunjika hapo. Ilihama tu kutoka mkono wa baba kwenda mkono wa kijana.

Mke je? Bibi yangu aliachwa na mimba ya kwanza, babu yuko Wenela. Hela na barua zilipitia kwa baba mkwe. Sasa kwa mila yetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala halitamki jina lake. Akisikia anakuja, anajificha kwenye migomba. Angemuuliza vipi kama hela imefika? Alimtuma mtoto wa jirani, akaletewa chumvi na kitambaa. Amekufa hajui babu alikuwa akituma kiasi gani. Linaniuma mpaka leo.

Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mke anaweza kupokea mwenyewe. Lakini wapo wanaume walioko Tunduma na Dar es Salaam wanaotuma kwa simu ya kaka, mke akaombe hela ya mbolea kama mgeni. Hizo ndizo ndoa ninazoziona zikifa hapa kijijini, hata kama mume anarudi kila mwezi.

Mwaka jana kijana wa Tunduma alileta posa kwa binti wa dada yangu. Niliomba ruhusa kwa wazee, nikamuuliza: "Baba, hela ya nyumbani utaituma kwenye namba ya nani?"

Aliinamisha kichwa. "Ya mke wangu, mama."

Ndipo wazee wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe.