Mwanangu anaongea kama mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa, mimi bado "wa bara"

Dada, umeuliza mbona mwanao wa miaka 6 anasema "ndoo" na "ndia" badala ya njoo na njia, ilhali nyinyi wazazi mmetoka Bungoma. Tena wewe mwenyewe hapo soko la Kongowea wanakujua mtu wa bara kabla hujamaliza kuuliza bei!

Mtoto hushika lafudhi ya wenzake kuliko ya wazazi. Anaocheza nao vichochoroni na kukaa nao darasani ndio walimu wake. Mtoto mchanga husikia tofauti za sauti za lugha yoyote ile. Akikaribia mwaka, sikio huanza kushika zile za kila siku na kuziacha nyingine. Lako limeshazoea. Mzaliwa wa Mvita, yaani Mombasa, akitaja paa la nyumba na paa wa mwituni, huyu wa pili humtamka kwa kutoa pumzi kwenye p. Wewe wasikia neno moja, sivyo?

Kwa hivyo usimkosoe, wala jamaa wasimcheke. Kibukusu, lugha yenu, mzungumzishe nyumbani kila siku, atakimudu pamoja na Kiswahili cha Mvita. Nawe ukitaka kubadilika, iga sentensi nzima pamoja na kiimbo chake, yaani sauti inavyopanda na kushuka, si neno mojamoja. Utaeleweka zaidi, ingawa bei ya nyanya sikuahidi.